Akitukana Mhusika, Ni Nani Aliyetukana?

Leo nataka tuizungumzie meza moja ambayo huenda iko sebuleni mwako na hujawahi kuitilia maanani. Siku za likizo vijana watano au sita huizunguka kuanzia saa nane mchana hadi taa za mtaani zinapowaka. Mbele yao pana karatasi, penseli, soda, na dadu zenye pande nyingi kuliko ile uliyoizoea kwenye ludo.

Ukiwa jikoni utawasikia wakisema mambo ya ajabu. Mmoja atangaza kwamba ameingia pangoni akiwa na upanga. Mwingine auliza kama joka limelala. Wa tatu arusha dadu, na wote wapiga ukelele kana kwamba Gor Mahia imefunga bao.

Usishtuke. Hawajarukwa na akili. Wanacheza mchezo wa kujigeuza wahusika, na mchezo wenyewe una umri wa kutosha kuitwa mzee.

Ulio maarufu zaidi kati ya michezo ya aina hiyo ni Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka wa 1974 na kampuni ya TSR iliyokuwa katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimboni Wisconsin. Mwaka wa 1997 TSR ilinunuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo imekuwa ikiuchapisha tangu wakati huo.

Namna unavyochezwa si vigumu kueleza. Kila mchezaji huunda mhusika wake: askari, mchawi, mganga, mwizi, au shujaa wa dini. Mmoja wao haundi mhusika; yeye huwa msimulizi. Msimulizi ndiye aelezaye mahali walipofika, ndiye asemaye kwa niaba ya wenye maduka, walinzi na mazimwi, na ndiye mwamuzi kanuni zikizua ubishi. Wewe wasema mhusika wako afanya nini. Pale matokeo yasipokuwa na uhakika, warusha dadu ya pande 20. Hakuna mshindi wala mshinde. Kisa huendelea wiki baada ya wiki, na kuna makundi ambayo kisa chao kimedumu miaka.

Ni mchezo mzuri. Humfanya kijana asome, apige hesabu, apange mambo na wenzake, na azungumze bila kutazama simu. Lakini leo sikuja kuusifu. Nimekuja na tatizo ambalo limevunja makundi mengi kuliko joka lolote lile.

Si Mimi, Ni Mhusika Wangu

Hebu tuchukue mfano. Tuseme wamo vijana watano. Wanne wameunda wahusika: mganga, askari, mpiga mishale na mwizi. Wa tano ndiye msimulizi. Jumamosi ya kwanza mambo yaenda shwari. Jumamosi ya pili, mwenye mhusika mwizi aanza vituko.

Usiku, wenzake wakiwa wamelala kambini, asema mwizi wake anawapekua mifuko na kuwaibia dhahabu. Wakifika kijijini amtupia mwanamke muuza chakula maneno ambayo kijana huyo hangethubutu kuyatamka mbele ya mamake. Wakimteka adui, ataka kueleza kwa kinaganaga jinsi atakavyomkata vidole kimoja kimoja. Na yule mganga, anayechezwa na msichana wa pekee pale mezani, hapumui. Kila wakikaa, mwizi amtaka kimapenzi, naye akikataa mwizi huongeza bidii.

Akikanywa, jibu analo tayari: "Si mimi, ni mhusika wangu. Ndivyo alivyo."

Jibu hilo wachezaji wa mchezo huu wanalijua duniani kote, na limewanyamazisha wengi kwa sababu lasikika kama lina hekima. Ikiwa twakubali kwamba mwenzetu anaigiza, mbona tumlaumu kwa tabia za anayemwigiza?

Msomaji wangu, tulipime jibu hilo polepole.

Sisi Wakenya tunajua kuigiza. Tamasha za drama za shule na vyuo zimetulea. Mwanafunzi akipanda jukwaani akawa mume mkatili, akampiga mkewe na kumtusi, hakuna anayemkasirikia akishuka. Twampigia makofi. Lakini je, umewahi kujiuliza kwa nini?

Ni kwa sababu maneno yale yaliandikwa na mtunzi na kupitiwa na mwalimu. Anayepigwa kofi anajua kofi litakuja ukurasa gani, na amelifanyia mazoezi mara 20. Hadhira nayo imekuja kwa hiari yake, ikijua yaja kutazama tamthilia. Kila mtu amekubali kabla ya pazia kufunguliwa.

Kwenye mchezo wa mezani hakuna hata moja kati ya hayo. Hakuna mwandiko uliotangulia. Mchezaji ndiye mtunzi, ndiye mwigizaji, na maneno ayatamkayo ameyabuni dakika hiyo hiyo. Aliyeketi mkabala naye ni mwigizaji mwenzake na hadhira kwa wakati mmoja, na hajui kofi litatoka wapi.

Wala dadu haiwezi kulaumiwa. Ni kweli dadu huamua mengi. Yaweza kuamua mhusika ana nguvu kiasi gani, akili kiasi gani na wepesi kiasi gani. Kwenye toleo la tano, lililotoka mwaka wa 2014, kuna hata orodha za kasoro za tabia ambazo mchezaji anaweza kuchagua au kuzipata kwa kurusha dadu. Lakini dadu ikisema mhusika wako ni mlafi, haikusema umwibie rafiki yako. Mlafi aweza kumwibia sultani dhalimu. Aweza kudanganywa na kila mfanyabiashara aonaye dhahabu machoni pake, wenzake wakacheka hadi machozi. Kasoro ni moja, na namna ya kuicheza ni chaguo la aliyeshika penseli.

Kwa hivyo mhusika akitukana, aliyetukana ni mchezaji. Hilo ndilo jambo la leo, na mengine yote yatokana nalo.

Ubaya Si Tusi

Usije ukanielewa vibaya. Sisemi wahusika wawe malaika. Hadithi isiyo na mtu mbaya ni uji usio na chumvi wala sukari.

Tangu mwanzo mchezo huu umekuwa na namna ya kuonyesha msimamo wa mhusika. Mwaka wa 1974 misimamo ilikuwa mitatu: upande wa sheria, upande wa vurugu, na katikati. Baadaye, katika miaka hiyo hiyo ya 1970, wema na uovu viliongezwa, ikawa misimamo tisa. Kwa hivyo mhusika aweza kuwa mwema afuataye sheria, au mwovu apendaye vurugu, au mwovu afuataye sheria, na kadhalika.

Watu wengi hudhani tatizo ni wahusika waovu, kwamba ukipiga marufuku uovu kwenye karatasi utakuwa umemaliza kazi. Sivyo.

Mhusika mwovu aweza kuwa mwenzi mzuri mezani. Mchawi mwenye uchu wa mamlaka, anayewasaidia wenzake kwa sababu anawahitaji, aweza kukifanya kisa kiwe na ladha ya pekee. Wenzake wanamshuku, yeye anatabasamu, na wote watano wanafurahia.

Kwa upande mwingine, mhusika mwema aweza kuwa kero kubwa. Katika kanuni za zamani, shujaa wa dini alilazimika kuwa mwema afuataye sheria, na alikatazwa kuandamana na waovu. Wako wachezaji waliofanya kanuni hiyo kuwa kiboko. Kila mwenzao akitaka kufanya jambo, shujaa amkemea, amhubiria, amtisha kwa upanga. Karatasi yake yasema ni mtakatifu, lakini mezani hakuna anayepata nafasi ya kupumua.

Basi usitazame karatasi. Tazama nyuso. Swali la kuuliza ni hili: mhusika huyu anawapa wenzake kitu cha kuchezea, au anawanyang'anya? Anayeiba hazina ya mfalme amewapa wenzake mkasa, ilhali anayewaibia wenzake amewapa kinyongo tu.

Hata Wenye Mchezo Walijifunza

Pengine utasema nakuza mambo, kwamba hadithi ni hadithi tu. Ngoja nikueleze yaliyowapata wachapishaji wenyewe.

Kwa miaka mingi vitabu vya mchezo huu viliwaeleza maorki, majitu yenye meno yaliyochomoza, kuwa kabila zima la waovu na washenzi. Viliwaeleza hivyo hivyo watu fulani waishio chini ya ardhi, wenye ngozi nyeusi. Mtoto alizaliwa mbaya kwa kuwa alizaliwa wa kabila hilo, basi.

Juni 2020 kampuni ya Wizards of the Coast ilikiri hadharani kwamba baadhi ya maelezo hayo yalifanana mno na jinsi jamii za watu wa kweli zilivyodhalilishwa na zinavyoendelea kudhalilishwa. Iliahidi kubadilika. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka wa 2024, neno la zamani lenye maana ya mbari liliondolewa na mahali pake pakawekwa lenye maana ya spishi.

Hata baada ya ahadi hiyo iliteleza tena. Mwaka wa 2022 ilitoa kitabu cha safari za angani kilichokuwa na viumbe wafananao na nyani, waitwao Hadozee. Kisa chao kilisema mchawi aliwateka, akawanywesha dawa ya kuwaongezea akili na nguvu, akikusudia kuwauza wawe jeshi. Wasomaji wengi walishtuka. Watu wafananao na nyani, waliotekwa, waliokusudiwa kuuzwa: ni nani asiyejua ni akina nani waliowahi kuitwa nyani na kuuzwa sokoni? Septemba mwaka huo kampuni iliomba radhi na kukiondoa kisa hicho.

Msomaji, angalia haikusema nini. Haikusema, "Si sisi, ni hadithi." Ilijua kwamba hadithi ina aliyeiandika na ina anayeisoma, na kwamba anayeisoma ana ngozi, ana babu, ana kumbukumbu. Ikiwa kampuni kubwa yaweza kukubali hivyo, kijana wa kidato cha tatu naye aweza.

Na Sisi Huku Nyumbani

Kila nchi ina jeraha lake. Yanayomuumiza kijana wa Chicago huenda yasimwumize wa Nairobi, na yetu huenda yeye asiyajue.

Sisi tumezoea kuchekeshana kwa lafudhi. Kwenye televisheni na jukwaani tumecheka miaka na miaka mtu akiigiza Kiswahili cha kabila hili na kabila lile. Kwa hivyo si ajabu mchezaji akaunda zimwi jinga, akalipa lafudhi ya kabila fulani, wenzake wakacheka. Ila mmoja anacheka kwa meno tu, kwa sababu ndivyo babake anavyoongea.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Utani una kanuni zake: watani hujuana, na kila mmoja ana haki ya kurudisha. Ikiwa mmoja ndiye hutaniwa siku zote, huo si utani tena.

Kuna jambo zito zaidi. Tuseme kundi la mashujaa limefika kwenye kijiji cha maorki. Mchezaji mmoja asema, "Tuwachome usiku wakiwa ndani. Wote ni wale wale." Kwake hiyo ni mbinu ya vita, hakuna zaidi. Lakini mezani yumo mwanafunzi ambaye Januari 2008 mamake alikimbia Bonde la Ufa akiwa amembeba mgongoni, nyumba ikiwaka nyuma yao. Katika ghasia zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Mwanafunzi huyo hakumbuki moto wenyewe. Lakini amekua akisikia maneno yale yale: wote ni wale wale.

Je, aliyependekeza moto ni mtu mbaya? La. Hakujua. Lakini kutojua hakuzuii kidonda kuuma, na kidonda kikishaguswa, jibu la "ni mhusika wangu" ni chumvi juu yake.

Kosa la Wasimulizi Wengi

Sasa tufike kwenye dawa. Na tuanze na dawa isiyoponya, maana ndiyo inayotumiwa zaidi.

Msimulizi akichoshwa na mhusika mtukutu, mara nyingi huamua kumwadhibu ndani ya hadithi. Mwizi akimwibia mwenzake, walinzi wamkamata. Akimtukana muuza chakula, kumbe ni mchawi, amgeuza chura. Akizidi, radi inampiga kutoka mbinguni.

Wote wanacheka, na msimulizi adhani ameshinda. Jumamosi inayofuata kijana aja na mhusika mpya, mwenye jina jipya, na tabia ile ile. Kwa nini asije? Hakuna aliyezungumza naye. Aliyeadhibiwa ni karatasi.

Tena adhabu ya namna hiyo humpa mtukutu kile anachokitafuta. Sasa hadithi yote yamhusu yeye: walinzi wake, chura wake, radi yake. Yule msichana mwenye mganga aliketi saa tatu akingojea zamu.

Kosa la mtu huzungumzwa na mtu. Lililotokea baina ya wahusika limalizwe na wahusika, lakini lililotokea baina ya marafiki lizungumzwe na marafiki, hadithi ikiwa imewekwa kando.

Ufanyeje Basi?

Kwanza, zungumzeni kabla ya kucheza. Wachezaji wenye uzoefu huwa na kikao kabla ya kikao cha kwanza, nao hukiita kikao sifuri. Katika kitabu kiitwacho Tasha's Cauldron of Everything, cha mwaka wa 2020, wachapishaji wenyewe wameweka maelezo ya namna ya kukiendesha. Hapo hamchezi. Mnakubaliana: hadithi yetu ni ya aina gani? Wahusika wetu watashirikiana au watapimana nguvu? Waovu wanaruhusiwa? Ni mambo gani hatutaki kuyaona kabisa?

Kuna njia rahisi ya kupanga hayo, iliyoelezwa na Mmarekani Ron Edwards, mtunzi wa michezo ya aina hii, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Gawanyeni mambo mafungu mawili. La kwanza ni mipaka: mambo yasiyoingia katika hadithi hata kidogo. Kwa mfano, hakuna kubaka. La pili ni mapazia: mambo yanayoweza kutokea lakini hayaelezwi. Kwa mfano, mateka amehojiwa kwa ukali. Pazia linashuka, na hadithi inaendelea asubuhi. Kila mtu aandike yake kwenye kikaratasi bila jina, msimulizi akusanye na kuyasoma yote kwa sauti moja. Hakuna anayeulizwa sababu.

Pili, wekeni njia ya kusimamisha mchezo ukiwa unaendelea. Mmarekani mwingine, John Stavropoulos, alibuni kitu rahisi kabisa: kadi iliyoandikwa herufi X, ikawekwa katikati ya meza. Mtu akiona jambo limemzidi, anaigusa. Lililosemwa linafutwa au kubadilishwa, na mchezo unaendelea. Haulizwi kwa nini, wala hadaiwi maelezo. Kadi hiyo haina gharama. Ni kipande cha karatasi na kalamu.

Wengine huikejeli wakisema ni ya wanyonge. Lakini hata uwanjani refa ana filimbi, na hakuna anayesema kwamba filimbi imewafanya wachezaji kuwa wanyonge.

Tatu, mtukutu akitokea, mkalishe kando. Si mbele ya wenzake, na si kwa ujumbe wa simu usiku wa manane. Mnunulie chai na mandazi mzungumze. Usianze kwa kumwita mbaguzi au mkorofi. Mwambie ulichokiona na kilichofuata: "Mwizi wako alipomng'ang'ania mganga mara ya tatu, mwenzetu aliacha kuzungumza hadi mwisho wa mchezo." Kisha muulize: "Wewe ulitaka kupata nini pale?"

Utashangaa. Mara nyingi alitaka watu wacheke. Au alichoka kungojea zamu yake. Au nyumbani na shuleni yeye ndiye mnyenyekevu wa kila mtu, na hapa pekee ndipo anapoweza kuwa jeuri. Ukijua anachotaka, waweza kumpa kwa njia isiyomuumiza mtu. Anayetaka kuchekesha, apewe mhusika anayejiona hodari na kushindwa kila mara. Anayetaka ujeuri, apewe dhalimu wa kupambana naye. Wizi uelekezwe kwa matajiri wa hadithi. Hana haja ya kumtupa mhusika wake; amkunje kidogo tu.

Nne, msimulizi asijitie ububu. Asiposema neno, meza nzima yaelewa kwamba ameruhusu. Na asimwachie aliyekosewa mzigo wa kulalamika. Ni vigumu kwa msichana mmoja kati ya wavulana wanne kuinua mkono na kusema ameudhika. Ataambiwa ni mzaha, ataambiwa ana ngozi laini.

Tano, ikiwa mmemweleza, mkamweleza tena, na bado hataki kusikia, mwageni kwa heshima. Mwambieni wazi kwamba mchezo huu haumfai yeye na kundi hili, na kwamba urafiki wa nje haujafa. Ni jambo chungu. Lakini fikiria lile jingine.

Anayeondoka Kimya

Nalo jambo jingine ni hili. Kundi lisilochukua hatua hudhani limemhifadhi kila mtu. Si kweli. Lazima mtu aondoke. Swali ni nani.

Mtukutu haondoki, maana yeye anafurahia. Anayeondoka ni aliyekosewa, na haondoki kwa kelele. Jumamosi ya kwanza atasema ana homa. Ya pili atasema ana masomo ya ziada. Ya tatu atasema matatu zilikuwa na mgomo. Ya nne hamtamuuliza, na msimulizi atasema tu kwamba siku hizi watu wana shughuli nyingi. Akufukuzaye hakwambii toka.

Na hapo ndipo penye hasara. Yule msichana hakupoteza Jumamosi tu. Amejifunza kwamba kati ya watu wanne aliodhani ni rafiki zake, hakuna hata mmoja aliyeona vyema kusema neno moja. Somo hilo ataingia nalo chuoni, ataingia nalo kazini. Na yule kijana naye amejifunza kwamba ukiita jambo mchezo, waweza kumfanyia mtu lolote. Somo hilo naye ataingia nalo chuoni na kazini. Niambie, msomaji, ni lipi kati ya hayo mawili unalotaka mwanao asomee kwenye meza ya sebule yako?

Neno kwa Mzazi

Mzazi mwenzangu, najua wengine wenu mtataka kumaliza jambo hili kwa kuzitupa dadu jaani. Tafadhali usifanye hivyo. Marekani ilijaribu.

Katika miaka ya 1980 wazazi na wahubiri wengi wa huko walishikwa na hofu kwamba mchezo huu unafundisha watoto uchawi na kuabudu shetani. Kelele zilikuwa nyingi hata toleo la pili, la mwaka wa 1989, likayaacha majina ya pepo na mashetani. Majina yakaenda. Lakini kijana aliyekuwa akimdhalilisha mwenzake mezani aliendelea kuketi kiti kile kile, kwa kuwa hofu yote ilielekezwa kwa mashetani wa kwenye karatasi. Hakuna aliyeuliza binadamu waliozunguka meza wanatendeana vipi.

Wewe uliza hilo. Wapelekee chai, uketi dakika kumi. Usichunguze kama hadithi ina mizimu. Hata ngano alizotuhadithia nyanya zilikuwa na mazimwi yenye kula watu, na tukalala salama. Tazama nani anazungumza na nani amenyamaza. Tazama kicheko kikitokea, nani hakucheka. Usiku, mwanao akiwa anaosha vyombo, usimwulize kama alishinda, maana mchezo huo hauna mshindi. Muulize: "Je, wote walifurahia?"

Akisema ndiyo, mshukuru Mungu na umnunulie dadu nyingine. Akisita, msikilize. Huenda yeye ndiye anayetaka kuondoka kimya. Au huenda yeye ndiye mwenye mwizi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wenzake wanaumia.

Nanyi vijana mnaonisoma, Jumamosi ijayo kabla ya kurusha dadu, kateni kipande cha karatasi, mwandike X, mkiweke katikati ya meza. Kisha mwulizane kila mmoja hataki kuona nini katika hadithi yenu. Haitachukua zaidi ya robo saa, na joka litawangoja.